Namna ya Kumtengenezea Mtoto Anayeogopa Maji Kitabu Chake Mwenyewe

Binti yangu alikuwa na miaka 4 mjomba wake alipombeba begani ufukweni Kigamboni akamtumbukiza kwenye wimbi. "Atazoea tu," akasema huku anacheka. Hakuzoea. Miezi mitatu iliyofuata hakukubali kukanyaga hata mchanga wenye unyevu, na kuoga kukawa vita. Miguu sawa, tumbo sawa, lakini kata ya maji ikivuka mabega tu, nyumba nzima inajua. Majirani nao walijua.

Kubembeleza hakukusaidia, wala ahadi ya pipi. Kilichosaidia ni kitabu cha kurasa 12 nilichokishona kwa sindano na uzi, yeye mwenyewe akiwa ndani yake. Tangu hapo nimetengeneza vingine vinne kwa watoto wa ndugu na jirani. Kimoja kilishindwa kabisa, nitakisimulia.

Kabla ya yote, tuelewane: hofu ya maji si upuuzi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Sitaki mtoto asiyeogopa maji hata kidogo, huyo ananitisha zaidi. Ninachotaka ni hofu ipungue mpaka mtoto aweze kumsikia anayemfundisha, maana aliyekakamaa mwili mzima hafundishiki kuelea.

Hatua ya 1: Tafuta hofu imekaa wapi

"Anaogopa maji" ni maneno yetu wakubwa. Mtoto haogopi maji yote. Ya kunywa anakunywa. Yuko anayeogopa maji ya usoni tu. Yuko anayeogopa asipoona chini. Mwingine kelele ndizo zinazomtisha, mwangwi wa bwawa la kuogelea au mngurumo wa wimbi, na mwingine ni baridi ya bomba la asubuhi. Kitabu cha huyu hakimfai yule.

Chukua wiki moja uangalie bila kusema kitu. Anaanza kulia wakati gani hasa: akiona ndoo, akivuliwa nguo, au kata inapopanda? Ukimuuliza "unaogopa nini?" atakujibu "sijui", na ni kweli hajui. Mpe karatasi achore kuoga. Binti yangu alichora kichwa kisicho na pua. Nilitazama mchoro ule siku mbili ndipo nikaelewa: siku ya wimbi, maji ya chumvi yalimwingia puani. Pua ndiyo ilikuwa inaogopa.

Kisha sikiliza nyumba inasema nini. Watoto wengi wa pwani tumelelewa na chunusi, yule jini wa majini anayevuta watu miguu. "Usiende huko, chunusi atakuchukua!" Mzee aliyesema hivyo alitaka mtoto asikaribie maji marefu, na siku hiyo alifanikiwa. Miaka mitatu baadaye tunamshangaa mtoto huyo huyo kwa nini haingizi mguu asipoona chini. Ikiwa chunusi yumo nyumbani kwako, ongea kwanza na bibi au dada wa kazi, kwa heshima, kwamba kuanzia leo tunasema "maji ni marefu pale na hujajua kuogelea bado." Inatosha, na ni kweli.

Ziko pia nyumba ambamo hofu haikuanza na mtoto. Aliyepoteza mtu kwenye ajali ya meli ya MV Bukoba mwaka 1996, au ya Spice Islander mkondo wa Nungwi mwaka 2011, haongei juu ya maji kama wengine, na mtoto huliona hilo usoni mwa mama kabla hajaambiwa lolote. Ikiwa ni wewe, mwachie shangazi au baba kazi ya kuingia naye majini. Wewe soma kitabu.

Hatua ya 2: Panga ngazi

Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika jinsi alivyomsaidia mtoto mdogo aliyemwita Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Sungura aliletwa ndani ya tundu, akawekwa mbali, mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda. Tundu likasogezwa kidogo kidogo. Wakati mwingine waliletwa watoto wengine wasioogopa, naye akiwatazama. Mwisho Peter alimpapasa sungura mwenyewe.

Kitabu chako ni tundu hilo. Kinamsogeza mtoto karibu na maji akiwa amekaa mkekani, mkavu.

Andika ngazi kuanzia jambo analoliweza leo hadi jambo moja unalolitaka mwezi ujao. Moja tu. Ya kwetu ilikuwa hivi: kuchovya vidole kwenye beseni, kukaa ndani ya beseni, kupuliza mapovu, maji mabegani, kata moja kichwani, kukaa kwenye kidimbwi ufukweni. Kuogelea hakukuwemo. Ukiandika "anaogelea" kwenye ngazi ya mtoto anayelilia kata, umeandika ndoto yako.

Hatua ya 3: Kitabu chenyewe

Karatasi 3 za A4, zikunje katikati zote pamoja, una kurasa 12. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo na upitishe uzi. Stepla nayo inafaa, ila pini zigeuzie nje na uzifunike kwa utepe wa gundi zisije zikamkwaruza. Jalada liwe gumu kidogo. Boksi la biskuti linatosha. Ukiwa na pesa, steshenari watakuwekea kurasa plastiki, na hapo kitabu kinaweza hata kuingia bafuni baadaye.

Picha za simu au michoro? Kwa mtoto wa chini ya miaka 3 napendelea picha: beseni lake mwenyewe, taulo lake, kata ile ile ya bluu iliyovunjika mpini. Kwa mkubwa zaidi, mchoro wa mkono, hata uwe mbaya. Mimi sijui kuchora. Watu wangu wana vichwa vya viazi, na binti yangu alinisahihisha nywele kila ukurasa. Kule kusahihisha ndiko kulikomwingiza kitabuni. Picha zinazotengenezwa na programu za kompyuta zimependeza kupita kiasi, hazifai kwa kazi hii: mtoto anatabasamu kila ukurasa, bwawa linang'aa, na hakuna anayefanana na mtu wa nyumbani kwenu. Ukizitumia, angalau usizipe programu hizo sura halisi ya mwanao.

Jambo la kufanana ni kubwa kuliko linavyoonekana. Vitabu vingi vya kuogelea vinavyofika huku vinaonyesha bwawa la buluu na watoto wenye miwani ya majini. Mtoto wa Mbagala anasoma, anafurahi, na haoni kinachomhusu. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya kusitiri mwili, na picha zao zimezunguka dunia. Binti wa familia inayositiri achorwe hivyo hivyo, na suruali yake na mtandio wake, la sivyo atajua kurasa hizo ni za mtu mwingine.

Hatua ya 4: Maneno

Hapa ndipo kitabu hupona au hufa, kwa hiyo tulia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Carol Gray, mwalimu wa Michigan, alianza kuwaandikia wanafunzi wenye usonji hadithi fupi za kuwaeleza mambo yanayowatatiza. Kanuni yake moja naifuata hadi leo: sentensi zinazoeleza ziwe nyingi kuliko zinazoamrisha. Mtoto aambiwe kitakachotokea, nani atakuwepo, itachukua muda gani, itaisha vipi. Maagizo yawe machache sana.

Andika sentensi mbili au tatu kila ukurasa. Na usidanganye. Maji yakiwa baridi, andika baridi. Yakiingia machoni yatawasha, andika yatawasha kidogo. Kitabu kilichoshindwa nilichokitaja kilikuwa cha mtoto wa jirani, mvulana wa miaka 6. Ukurasa wa mwisho nilimchora akipiga mbizi. Aliutazama, akanirudishia kitabu: "Huyu si mimi." Hakukigusa tena, na sikumlaumu.

Yako maneno nimeyafukuza kabisa: "usiogope", "wewe ni mkubwa sasa", "ona mwenzako haogopi". La kwanza linamwambia afanye asichokiweza. La pili linamfanya aone aibu. La tatu linamfanya amchukie mwenzake.

Badala yake tafuta kitu ambacho tayari anakiweza, kifanane na ujuzi wa majini. Sisi tulikipata kwenye uji. Mtoto yeyote aliyekua na uji wa moto anajua kuupuliza, na kupuliza hivyo hivyo huku midomo ikigusa maji ndio msingi wa kupumua kwa waogeleaji wote. Anapotoa pumzi kwa kinywa, maji hayamwingii kirahisi kinywani, na akiitoa kwa pua, hayamwingii kirahisi puani. Kwa pua ya binti yangu hii ilikuwa habari kubwa.

Hivi ndivyo kilivyosomeka kitabu chetu, baada ya jalada. Nyumbani tunamwita Kibibi; wewe weka jina mnalomwita mwanao, lile la nyumbani.

"Huyu ni Kibibi. Anapenda uji wa ulezi, paka wa jirani na kuruka kamba."

"Siku moja wimbi lilimwangusha. Maji ya chumvi yaliingia puani. Yaliuma."

"Sasa Kibibi akiona maji mengi, moyo wake unakwenda du-du-du. Mama akimkumbatia anausikia."

"Kibibi ana ujuzi wake. Uji ukiwa wa moto anaupuliza: fuuu!"

"Leo kuna beseni uani. Maji ni ya uvuguvugu, yanafika kwenye vifundo vya miguu. Kibibi anachovya vidole."

"Kibibi anainama. Anapuliza maji kama uji: fuuu! Mapovu!"

"Mama anahesabu moja, mbili, tatu. Kwenye tatu anamimina kata moja. Kibibi anapuliza. Maji yanapita usoni, yanakwenda zake. Taulo liko hapa."

"Kibibi akisema 'basi', Mama anaacha."

"Jumamosi bahari imekupwa. Kuna kidimbwi kidogo mchangani. Kibibi na Mama wanakaa humo. Kuna kaa mmoja."

"Kibibi haingii majini peke yake. Mama yuko karibu, mkono wake unamfikia."

Ukurasa wa mwisho hauna kitu.

Ule wa "basi" ndio mgumu kwa mzazi, kwa sababu ni ahadi iliyoandikwa. Mara ya tatu alisema "basi" akiwa na povu la sabuni kichwani. Niliacha. Nilimpangusa kwa kitambaa, akalala na nywele zinazonuka sabuni. Ningemwaga kata ile, kitabu kizima kingekuwa uongo.

Na ule wa mkono usiuondoe hata mtoto akilalamika. Bila huo unamtengenezea jasiri asiyejua kuogelea.

Hatua ya 5: Kusoma

Siku 5 hadi 7 za kwanza kisomwe mbali na maji. Mkekani, kitandani, baada ya chakula. Mimi nilifanya kosa la kukisomea mlangoni mwa bafu, nikidhani nitaokoa muda. Akaanza kukikimbia kitabu chenyewe. Nilianza upya wiki iliyofuata.

Anza kama hadithi yoyote. "Paukwa!" "Pakawa!" Mtoto ashike kitabu, afungue yeye. Akitaka kurudi kwenye ukurasa wa paka mara nne, rudini. Akiruka ukurasa wa kata, uache urukwe. Anakuonyesha ngazi ipi imepanda ghafla. Pengine utahitaji kuongeza ukurasa katikati, ndiyo maana napenda uzi kuliko gundi.

Fikeni kwenye "fuuu", pulizeni wote. Asubuhi kwenye uji halisi, pulizeni tena. Baada ya siku chache binti yangu alianza kumsomea paka, kwa kichwa, ingawa kusoma hajui. Hapo nilijua tuko tayari kwa beseni.

Hatua ya 6: Majini

Fuata kitabu kama kilivyo. Kama kimesema uani, iwe uani. Kama kimesema uvuguvugu, chemsha maji uchanganye. Ukurasa mmoja kwa siku unatosha, na siku mbili tatu kwenye ukurasa ule ule si hasara. Kikitokea kisichoandikwa, tuseme mdudu ameangukia beseni, kiandikeni jioni.

Beseni likiisha kazi, mwaga maji na uligeuze. Mtoto mdogo anaweza kufa maji kwenye ndoo yenye maji ya sentimita chache tu, na mtoto uliyemzoesha maji sasa ana sababu ya kuyafuata. Funika pipa, funika kisima, karo la nyuma ya nyumba nalo lifunikwe.

Kwa bahari, chagua siku na saa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Dar es Salaam hupita mita 3. Bahari ikipwa siku hizo huenda mbali na kuacha vidimbwi vya kina cha kiganja, na humo ndimo pa kuanzia. Waulize wavuvi saa ya kupwa, fikeni maji yakiwa bado yanatoka, na muondoke mara yanapogeuka, kwa sababu pwani iliyo tambarare maji hurudi haraka na kukuzunguka kwa nyuma. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo ni mkali na wimbi lina hasira. Aliyeangushwa na wimbi asianzie hapo.

Ukiwa Mwanza au Musoma, hakuna kupwa, na kandokando mwa ziwa kuna kichocho, na sehemu nyingine mamba. Kitabu chako kiishie kwenye beseni au bwawa la kuogelea. La bwawani lieleze kabla: harufu ya dawa, macho kuwasha, sauti zinazorudi ukutani, sakafu inayoteleza. Nendeni mara ya kwanza kutazama tu, kama watoto wale waliomtangulia Peter kwa sungura.

Hatua ya 7: Ukurasa mtupu

Ukurasa wa mwisho ni wake. Achore alichofanya, au asichotaka kufanya, na wewe uandike chini maneno yake bila kuyarekebisha. Mtoto wa miaka 8 na kuendelea mwachie kitabu kizima, aandike yeye na wewe ushone. Wakubwa hawa huona aibu kusomewa kitabu cha kitoto, lakini wakiambiwa wamwandikie mdogo wao anayeogopa maji, wanaandika mambo ambayo wasingekwambia wewe.

Kitabu kina mipaka yake. Mtoto aliyenusurika kufa maji, anayeota ndoto za kutisha wiki baada ya wiki, au aliyefika hatua ya kukataa kuoga kabisa kwa mwezi, mpeleke hospitali ya wilaya au ya mkoa uulizie huduma ya afya ya akili kwa watoto. Nenda na kitabu. Michoro yake itamsaidia daktari.

Sisi tulimaliza kwa wiki 7. Kidimbwini alikaa dakika kama 10, akapuliza mapovu mawili, akasema "basi", tukaenda kula mihogo. Kwenye ukurasa mtupu alichora pua kubwa kuliko uso, mapovu yakitoka pande zote mbili. Nilimuuliza niandike nini chini yake. "Andika: Mjomba haji." Nikaandika.

Sasa anashona karatasi nyingine. Anasema hiki kitakuwa cha pantoni, maana tukivuka Magogoni kwenda Kigamboni bado anafumba macho pale penye mwanya kati ya chuma na gati, anapoona maji meusi chini. Mwanya ule hata mimi siupendi, na nimeambiwa nitakuwemo kitabuni, ukurasa wa tatu, moyo wangu ukienda du-du-du.